Mgonjwa Aulizwe Uji

Mhadhara kwa wauguzi, wazazi na vijana



Wahenga wana neno lao: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake mnaijua. Mtu akiwa kitandani humsumbui kwa maswali, unakoroga, unampelekea. Ni neno la huruma, nami nimelelewa nalo. Leo nimekuja kugombana nalo kidogo.

Miaka kadhaa nyuma, katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi, tulikuwa na kijana wa miaka 15 mwenye saratani ya damu. Alikuwa amepewa methotreksati, na siku chache baadaye kinywa chote kikawa kimechubuka, kuanzia midomo hadi kooni. Mama yake alifika kila alfajiri na chupa ya uji wa ulezi, wa moto, umekamuliwa ndimu ili uwe na ladha. Kijana akionja kijiko kimoja anageukia ukutani. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Kwenye faili tukaandika: anakataa kula. Kwenye raundi daktari akamwuliza mama, "Kwa nini hali?" Mama akajibu, "Sijui, daktari, amekuwa mkaidi." Mimi nikaongezea, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba vijana wa umri huo ndivyo walivyo. Mpira wa kulishia puani ulikuwa umeshaanza kutajwa.

Aliyetuokoa ni dada wa usafi. Alikuwa anapiga deki chini ya kitanda, akainua kichwa akamwuliza, "We, unaogopa uji au unaogopa moto?" Kijana kusema kulikuwa kunamwuma. Akavuta kalamu yangu iliyokuwa juu ya kabati, akaandika kiganjani neno moja: ndimu.

Uji ukapoozwa, ndimu ikaachwa, akanywa nusu kikombe kwa mrija. Kitanda kile kilikuwa kimezungukwa na watu waliosomea kazi hiyo miaka mitatu, mitano, wengine saba, na katika siku tatu hakuna aliyemwuliza mwenye kinywa.

Wanaoandika juu ya mambo haya hupenda neno kujitetea. Mimi silipendi sana. Kujitetea kuna harufu ya kizimbani, anayejitetea ameshashtakiwa. Kijana mwenye saratani hana kosa la kujibu. Neno ninalolitaka ni kujisemea: kusema mwenyewe habari za mwili wako, za siku zako na za hofu yako, kabla mwingine hajakusemea. Nalo hilo lina sharti moja ambalo watu wazima tunalikwepa. Hakuna anayeweza kujisemea mahali ambapo hakuna anayengoja jibu. Tunawalaumu vijana kwamba hawasemi. Mimi nimekaa wodini miaka mingi, na nawaambia kwamba kimya chao tumekitengeneza wenyewe, kwa mikono yetu na kwa sarufi yetu.

Ndiyo, kwa sarufi. Sikilizeni raundi yoyote. "Anaendeleaje?" "Anaumwa wapi?" "Amepata choo?" Kiswahili chetu hakihitaji jina wala kidole, mtu mzima mzima amekaa kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi. Ukisema anaumwa, aliyelala pale kitandani umeshamtoa chumbani. Ukisema unaumwa, umemrudisha. Tofauti ni herufi moja, haina bajeti, haihitaji kibali cha wizara. Wakati fulani niliwapa wanafunzi wa uuguzi kazi: fuateni raundi kwa wagonjwa wa miaka 12 hadi 17, choreni safu mbili, kila mkisikia a- wekeni alama, kila mkisikia u- wekeni alama. Safu ya kwanza ilijaza ukurasa. Ya pili haikumaliza mstari. Na mmoja wao, mchokozi, akachora safu ya tatu ambayo sikuiagiza, ya tu-: "Tumekunywa dawa?" "Tumekojoa leo?" Akaniuliza kama masista nao huwa wanakojoa pamoja na wagonjwa. Nilimpa alama zote.

Sasa, huyu kijana ni nani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wa umri wa miaka 0 hadi 19 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Mnazijua sababu za pengo hilo: kuchelewa kufika, vipimo, dawa kukatika, nauli, familia kuacha matibabu katikati. Kuacha matibabu nitakurudia, maana ndiko mambo ya kujisemea yanakokuwa ya kufa na kupona.

Lakini tazama hiyo hesabu ya 0 hadi 19. Kichanga na kijana anayeota ndevu wamewekwa kapu moja. Kwenye majengo yetu ni hivyohivyo. Wodi ya watoto ina ukuta wenye picha za twiga na kitanda ambacho miguu ya kijana wa miaka 16 inaning'inia nje. Wodi ya wakubwa ina wazee wanaokohoa usiku kucha na kumwita "mjukuu". Huku ni mkubwa mno, kule ni mdogo mno. Na umri huo una saratani zake. Ile ya mfupa inayopenda kuota karibu na goti huja hasa miaka mwili unaporefuka kwa kasi. Limfoma ya Hodgkin, inayoanza kama uvimbe shingoni usiouma, nayo huwapata sana vijana. Uingereza walilitambua jambo hili mwaka 1990, ilipofunguliwa wodi ya kwanza ya vijana wenye saratani katika hospitali ya Middlesex, London, kwa juhudi za shirika linaloitwa Teenage Cancer Trust. Sisi bado tunajadili kitanda.

Na ukanda wetu hauko nyuma katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1957, Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata akachapisha makala, na ugonjwa ukaja kubeba jina lake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa Kampala mwaka 1967. Elimu kubwa ya saratani duniani ilitoka kwenye nyuso za watoto wa Afrika Mashariki. Picha zao nimezitumia miaka mingi kufundishia: shavu limejaa, jicho limesukumwa, mtoto anaitazama kamera. Sijapata kukuta hata sentensi moja waliyoisema.

Kujisemea kunaanza na jina la ugonjwa. Huwezi kuulizia kitu usichoruhusiwa kukitaja. Kwetu jina hilo linafichwa kwa mapenzi yote: "una uvimbe", "damu yako ina shida kidogo", "ni ule ugonjwa". Wazazi hutushika mkono mlangoni: sista, tafadhali, asijue. Mzazi wa namna hiyo simlaumu. Anajenga ukuta kwa udongo alio nao. Ila naomba tuutazame ukuta wenyewe. Dar es Salaam mtu akisema "fulani kapelekwa Ocean Road" hakuna anayeuliza anaumwa nini. Jina kamili la taasisi hiyo ya saratani limebeba neno lenyewe waziwazi. Kijana amepanda daladala, ameshuka, amesoma kibao, ameingia. Kisha sisi tunanong'ona.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alikaa na watoto wenye saratani ya damu katika hospitali moja ya nchi hiyo, na mwaka 1978 akachapisha kitabu juu ya alichokiona. Watoto wale walikuwa wadogo, wa miaka 3 hadi 9, na wakati huo wengi hawakupona. Hakuna aliyewaambia kwamba wanakufa. Wakajua. Walijua kwa kulinganisha dawa zao na za wenzao, kwa kuona kitanda cha mwenzao kikitandikwa upya, kwa namna mama alivyotoka chumbani na kurudi amenawa uso. Na walipojua, walinyamaza, kwa sababu waliona kwamba wakisema, wakubwa huvunjika na kukimbia. Mtoto wa miaka 7 anamlinda mama yake asijue kwamba yeye anajua. Kama wa miaka 7 anaweza kubeba mzigo huo, mnafikiri binti wa miaka 16 mwenye simu mkononi hajui?

Hiyo simu inastahili neno. Usiku, wodi ikizimwa taa, nyuso zinamulikwa kwa buluu chini ya shuka. Wanatafuta. Wanachokikuta ni takwimu za wazee wa nchi nyingine, mtu anayeuza majani ya kutibu kila kitu, na video ya mtu aliyekufa. Tusipowaambia sisi, wataambiwa na yule wa majani. Nimemwona kijana amehesabu miezi ya kuishi kwa takwimu za saratani ambayo si yake, kwa sababu jina la yake hakuna aliyempa.

Nakuja kwenye jambo linalonifanya nilale macho wazi.

Kuna habari ambazo mwenye mwili pekee ndiye anazo. Maabara haina. Eksirei haina. Maumivu hayana chupa ya kupimia. Kipimo bora tulicho nacho ni mgonjwa mwenyewe kusema, kwa namba ya 0 hadi 10 au kwa kunyoosha kidole kwenye picha ya uso unaocheka na uso unaolia. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, jambo lililowafikia wagonjwa wengi wa vijijini. Lakini hata mofini ya maji ikiwa imejaa kabati, kijana akisema "sijambo" kwa sababu ndivyo mtoto mwenye adabu anavyojibu salamu, chupa itabaki imejaa. Hebu fikirieni hilo. Salamu yetu ina jibu moja tu. Hujambo? Sijambo. Hata anayekata roho hajambo. Kwa hiyo baada ya salamu pana swali la pili linalotakiwa, na wengi wetu huwa tumeshahamia kitanda kingine.

Nilikuwa na binti wa miaka 14 aliyekuwa akipata sisplatini. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi, lakini inaweza kuunguza usikivu: huanza na mlio masikioni, kisha sauti nyembamba zinapotea, na zikipotea kwa kawaida hazirudi. Ndiyo maana usikivu hupimwa wakati wa matibabu, penye mashine na mtu wa kuiendesha, ili daktari aone kama dozi au dawa ibadilishwe. Binti huyu alikuwa na redio ndogo ya betri. Kila wiki sauti inapanda. Tulimgombeza. Majirani wa kitanda walilalamika, bibi mmoja akamwita hana malezi, nami nikaichukua redio nikaifungia ofisini siku mbili. Niliporudisha, aliyekuja kuniambia ukweli alikuwa mtoto wa kitanda cha pili, wa miaka 9: "Sista, dada masikio yake yanalia nzige." Tangu lini? Tangu dawa ya pili. Tulikuwa kwenye ya nne.

Nilikwenda nikakaa pembeni ya kitanda nikamwuliza mbona hukusema. Akatazama mikono yake. "Mlikuwa mnamwuliza mama."

Sina cha kuongeza hapo. Redio nilimrudishia na betri mpya, ambazo hazikusaidia kitu.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi vijana muwe na maswali yenu ya pembeni, kila dawa na swali lake, na muyaulize kwa u-. Anayepata vinkristini: vidole vya miguu vina ganzi? Kandambili zinavuka zenyewe bila wewe kujua? Kijana hatasema "nina ganzi". Atasema kandambili zinamtoroka, na huo ndio ushahidi. Anayepata ile nyekundu, doksorubisini, mwambieni mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya kwanza, asije akaficha akidhani ni damu. Na kila mmoja wao, bila kubagua, ajue namba 38. Joto likifika hapo akiwa nyumbani baada ya kemo, chembe nyeupe zikiwa zimeshuka, haingojwi asubuhi, hainywewi dawa ya homa na kulala. Ni hospitali usiku huohuo. Nimeona vijana waliomwamsha baba saa nane za usiku, baba akasema tulale kwanza, kijana akashika: sista kasema thelathini na nane. Kijana wa namna hiyo amejisemea, na hakumkosea baba yake heshima hata kidogo.

Maana najua mnachokifikiria, wazazi. Tukiwafundisha hawa kusema, watatukalia kichwani. Mtoto hajibizani na wakubwa. Mimi nami ni mzazi, na wangu walinijibu hata wakiwa wazima, kwa hiyo sioni saratani imeongeza nini. Ila wasiwasi wenu una kiini cha kweli. Kuna namna ya kujisemea inayoandikwa kwenye vijitabu vya nchi za mbali: kijana amekaa wima, anamtazama daktari usoni, anataja haki zake moja mbili tatu. Ukimpeleka hivyo kijana wa Lindi au Pemba mbele ya profesa, atasema siku moja tu, halafu atavuna sifa ya ujuba.

Lugha yetu ina njia zake, zipitieni. "Shikamoo daktari, samahani, naomba kuuliza" inafungua milango mingi kuliko haki zilizotajwa kwa namba. Kuna kutuma mjumbe: shangazi, au bibi mwenye utani na mjukuu wake, ambaye hawezi kukatazwa kusema. Nilimjua bibi mmoja aliyeambiwa na mjukuu wake wa kike jambo ambalo asingemwambia baba wala daktari, kwamba siku zake zimekatika na anaogopa hatazaa. Bibi alikuja nalo kliniki kama mzaha, "haya, nani atanipa vitukuu?", na mazungumzo ambayo yangepaswa kufanyika kabla ya dawa ya kwanza yakafanyika, kwa kuchelewa, lakini yakafanyika. Baadhi ya dawa na mionzi hugusa uzazi, kwa wavulana na kwa wasichana. Wana haki ya kuambiwa kabla. Wasiambiwe na bibi peke yake.

Na kuna daftari. Daftari la kawaida la kaunta, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza: jina la ugonjwa wangu, majina ya dawa zangu, kilichonipata baada ya kila dawa. Nyuma: maswali. Asiyeweza kusema anaandika. Asiyetaka kuonekana ameandika anampa sista karatasi iliyokunjwa. Vijana wengi hujisemea vizuri zaidi kwa maandishi, na sioni aibu yake. Yule wa ndimu aliandika kiganjani.

Jambo la pazia nalipitia haraka kwa kuwa halihitaji hoja. Binti wa miaka 15 hafunuliwi kifua mbele ya wanafunzi saba bila kuombwa. Avutiwe pazia, aombwe. Akisema hapana, wanafunzi watajifunza kitu kingine siku hiyo.

Sasa lile gumu. Je, kijana akisema hapana kwa matibabu yenyewe?

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Inafuata njia ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12. Lakini kusikilizwa na kuamua ni vitu viwili, na dunia nzima inahangaika na nafasi iliyopo katikati. Uingereza, mwaka 1985, katika kesi ya Gillick, Baraza la Malodi lilikubali kwamba aliye chini ya miaka 16 mwenye ufahamu wa kutosha anaweza kuridhia matibabu mwenyewe. Miaka michache baadaye mahakama za hukohuko zikasema kukataa matibabu ya kuokoa maisha ni habari nyingine. Virginia, Marekani, mwaka 2007 walitunga sheria inayomruhusu kijana wa miaka 14 na zaidi, akiwa pamoja na wazazi wake, kukataa tiba fulani ya ugonjwa hatari. Connecticut, Januari 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali binti wa miaka 17 mwenye limfoma ya Hodgkin apewe kemo bila ridhaa yake, miezi kadhaa kabla hajatimiza 18, ingawa mama yake alikuwa upande wake. Madaktari walisema tiba ingempa nafasi kubwa sana ya kupona. Watu wenye akili nzuri waliachana njia juu ya hukumu ile, na ningewalaumu kama wasingeachana.

Msimamo wangu ni wa muuguzi, si wa hakimu. Hapana ya kijana mara nyingi ni swali lililovaa nguo mbaya. Kazi yetu ni kulivua tuone ndani mna nini.

Alikuwepo mvulana wa miaka 16, mtoto wa mvuvi, goti limevimba, saratani ya mfupa. Alikuwa ameshapitia kwa mkanda misuli na kwa mganga, miezi imekwenda. Ikaamuliwa mguu ukatwe, kwa kuwa wakati ule picha ya mapafu ilikuwa bado safi. Tulimweleza baba. Tulimweleza vizuri sana, kwa mchoro. Baba akasema atazungumza na kijana. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa pembe nne. Kukunja shuka vile kuliniambia kwamba halikuwa jambo la hasira.

Walirudi baada ya miezi minne. Kijana alikuwa anakohoa. Na safari hii, kwa kuwa hapakuwa na haraka tena ya kisu, nilipata muda nikamwuliza kilichomwondoa. Alisema alitaka kujua kitu kimoja tu: mtu mwenye mguu mmoja anaweza kusimama ndani ya ngalawa? Baba yake hakujua. Akaona bora arudi pwani na miguu miwili.

Kulikuwa na jibu. Ningeweza kumtafutia fundi wa miguu bandia pale chini ghorofa ya kwanza, ningeweza kumwita kijana aliyekatwa mwaka uliotangulia ambaye alikuwa anakuja kliniki kila mwezi kwa baiskeli. Pengine wangemwambia ngalawa ni ngumu lakini mtumbwi wa kukaa unawezekana, pengine bado angesema hapana. Sijui. Baba alipewa mchoro. Kijana hakupewa hata dakika. Tuliandika kwenye faili: familia imeacha matibabu. Angalieni tena nani yumo katika sentensi hiyo na nani hayumo.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Kila panapozungumzwa kukata, nauliza kama mwenye mguu yupo chumbani. Wapasuaji wawili watatu wamenichoka, nami nimestaafu kabla hawajanizoea.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Nilikuwa nimeandaa kurasa mbili juu ya shule: mwalimu anayemvua binti mtandio kuona kama kweli hana nywele, mtihani wa kidato cha nne unaogongana na mzunguko wa kemo. Nitaziacha, kwa sababu kuna mtu amezifupisha kuliko mimi. Nilipokuwa naingia ukumbini kijana mmoja wa mstari wa nyuma alinitia karatasi mkononi, imekunjwa mara nne, kisha akakimbia. Sitasema ni yupi. Naisoma kama ilivyo:

"Shikamoo sista. Samahani naomba kuuliza. Dawa yangu ni Jumatano, na Alhamisi naanza mtihani wa majaribio wa mkoa. Nikipata dawa huwa natapika siku mbili. Je inaweza kusogezwa mpaka Jumatatu inayofuata au itaharibu tiba? Kama itaharibu nitafanya hivyohivyo. Nataka tu kujua."

Hili mimi siwezi kulijibu. Siku nyingine inawezekana kusogeza, siku nyingine haiwezekani, inategemea dawa na mahali alipofika. Lakini daktari wa kliniki yake nimemwona ameketi mstari wa tatu, shati la kijani. Daktari, shikamoo. Swali ni lako, na mwenye swali yuko nyuma anangoja.